Kigari cha pembeni cha pikipiki kwa vyuma vya Vitz iliyokufa: mwongozo kamili kwa mafundi wa Tanga

Kigari cha pembeni (sidecar), kile kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki, kikikaa vibaya, pikipiki haitaki kwenda mbele moja kwa moja, tairi linakwisha upande mmoja, na siku kikiwa kitupu kinanyanyuka kwenye kona na kumpeleka dereva kwa magari yanayokuja. Ukichunguza, chanzo karibu kila mara ni maungio au vipimo. Kwa hiyo bodi tutaipitia haraka, na muda mwingi tutakaa kwenye maungio na vipimo.

Mfano wetu ni pikipiki ya bodaboda ya cc 150, kama Boxer BM150 au TVS HLX 150, pamoja na Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile la 1999 hadi 2005, iliyomaliza kazi. Kigari ni cha abiria mmoja au mzigo usiozidi kilo 100: matenga ya samaki kutoka soko la Deep Sea, magunia ya machungwa ya Muheza yaliyoshushwa stendi ya Kange, au bibi ambaye hawezi tena kurusha mguu juu ya siti ya bodaboda. Kikiwa kitupu kisizidi kilo 70. Kikizidi hapo, injini inamaliza nguvu kuvuta chuma. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, kigari kinakaa kushoto, abiria ashukie pembeni mwa barabara.

Kabla ya kukata chuma

Kigari kinabadilisha umbo, upana na uzito wa chombo kilichosajiliwa. Nenda kwanza kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani ukiwa na kadi ya pikipiki na mchoro wenye vipimo, umuulize anataka kuona nini. Mambo ya kadi yako TRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya usafirishaji iko LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi, kwani bima uliyokata ni ya magurudumu mawili. Kupeleka mchoro ni nafuu kuliko kupeleka kitu kilichokwisha kupakwa rangi.

Vya kuchukua kwenye gari, na vya kuacha

Uzuri wa Vitz hii ni ekseli yake ya nyuma. Habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) ya kila upande imefungwa kwa boliti nne tu, na breki yake ni ya dramu yenye hendibreki ya waya. Chukua upande wa kushoto wote: habu, sahani ya breki, dramu, breki shuu, waya wa hendibreki na boliti zake nne. Kabla hujafungua, nyanyua gari kwa jeki, weka vidole kwenye springi ya tairi hilo, kisha zungusha tairi kwa nguvu. Beringi nzima haisikiki. Beringi iliyochoka inatetemesha springi kama inasaga mchanga, na hapo uhamie upande wa pili au ununue habu nyingine.

Ukimaliza, kata pia kile kipande cha ekseli cha upande wa kulia chenye matundu manne ya habu. Hakifungwi kwenye kigari, kitatumika kama kipimo wakati wa kuchomelea.

Tairi zuri ni 155/80R13 na rimu yake. Kimo chake ni kama sentimita 58, karibu sawa na tairi la nyuma la pikipiki la 3.00-17. Lile tairi jembamba la akiba linavutia kwa wepesi wake, lakini limetengenezwa kwa safari ya dharura, linataka upepo wa psi 60, na kwenye mchanga wa Sahare linazama. Lisome pia tairi lenyewe: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye mipasuko midogo ubavuni liache, hata kama kashata zake (meno ya kukanyagia barabara) zimejaa.

Chukua pia tairodi endi (viungo vya gololi vya usukani) mbili za nje na nyingine mbili za aina hiyo kutoka gari jingine, zote zisizo na mchezo na zenye mpira mzima wa kuhifadhi grisi, boliti ndefu za mikono ya chini ya mbele, mkanda wa siti ya nyuma na boliti zake, na nusu ya siti ya nyuma. Boliti za mkanda zina meno yake, inchi 7/16 meno laini, hazikubali nati ya M12 hata ukilazimisha. Kwa hiyo kata na kile kibati chenye nati iliyochomelewa.

Vya kuacha ni hivi. Springi za koili za gari ni ngumu mno kwa uzito huu, kigari kitakuwa kinaruka badala ya kubonyea. Mkanda wa gari lililogongwa umeshavutika. Nati za nailoni zilizowahi kufungwa hazishiki mara ya pili. Siti ya mbele na reli zake ni uzito wa bure. Na boliti yoyote isiyo na namba ya nguvu kichwani isikaribie maungio: tafuta 8.8, na kwa maungio ya chini 10.9.

Vya kununua ni urefu mmoja wa mita 6 wa bomba la mraba la 40 × 40 lenye unene wa milimita 3, urefu mmoja wa 25 × 25 la milimita 2 kwa bodi, mita 2 za bomba la duara la inchi moja lenye ukuta wa milimita 3, vipande vya bamba la milimita 8 na 10, na shokapu moja ya nyuma ya pikipiki ya cc 150. Vijiti vya kuchomelea vya 6013 vya milimita 2.5 vinatosha mabomba. Bamba nene za maungio zichomelee kwa 7018 za milimita 3.2, zilizokaushwa vizuri. Unyevu wa pwani unaharibu 7018 haraka kuliko mafundi wengi wanavyokubali, na kijiti kilicholala wazi tangu masika kitaacha vitundu ndani ya weldi ambavyo nje huvioni.

Chasi na mkono wa tairi

Chasi ni mstatili wa sentimita 130 kwa 55, wenye mabomba mawili ya kukatisha katikati. Kila kona iwekee pembetatu ya bamba la milimita 4. Kwa mstatili huo bomba la mita 6 linakubakizia zaidi ya mita moja, inatosha mkono wa tairi na mnara wa shokapu.

Mkono una urefu wa sentimita 40, unaning'inia kutoka bomba la nje la chasi na kuelekea nyuma. Mbele unageukia kwenye boliti ya mkono wa chini wa gari, ikipita ndani ya bushi ya shaba au ya chuma yenye nipeli ya grisi. Bushi ya mpira ya gari usiitumie hapa, inaruhusu tairi kuyumba upande na vipimo vyote unavyoweka baadaye vinakuwa vya kubahatisha.

Mwisho wa mkono unachomelea bamba la milimita 10 lenye matundu manne yanayolingana na habu. Hapa ndipo kile kipande cha ekseli kinafanya kazi: kifunge kwa boliti kwenye bamba wakati unachomelea ili joto lisilipinde. Habu yenyewe usiifunge bado. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi unachoma vidoti kwenye gololi zake, na beringi iliyokuwa kimya inaanza kulia baada ya siku chache. Waya wa ardhi uubane kwenye kipande kilekile unachochomelea.

Shokapu iguse mkono kwenye theluthi mbili ya urefu wake kutoka mhimili, yaani ile boliti ya mbele mkono unapogeukia, na juu iegemee mnara wa sentimita 35. Ukiweka kilo 50 ndani ya kigari, ibonyee sentimita 2 hadi 3. Isipobonyea kabisa, sogeza kishikizo chake karibu na mhimili.

Maungio manne

Kanuni ya kwanza: hakuna kinachochomelewa kwenye fremu ya pikipiki. Bomba zake ni nyembamba, na pembeni mwa weldi chuma hupoteza nguvu na kukatika ghafla. Kila kitu kinabanwa kwa boliti, ili siku ukitaka kuuza pikipiki uitoe kama ilivyokuja.

Maungio ya chini ni mawili na ndiyo yanayobeba uzito. La mbele linakaa chini ya injini, kwenye boliti zinazoshika injini na fremu. La nyuma linakaa karibu na mhimili wa mkono wa tairi la nyuma. Tengeneza bamba mbili za milimita 8 zinazobana fremu kwa nje na ndani, zikiungwa na boliti za M10 zisizopungua nne. Umbali kati ya ungio la mbele na la nyuma usipungue sentimita 50. Ukiwa mfupi, kigari kinapata mwanya wa kujipinda kama mlango wenye bawaba moja.

Upande wa kushoto wa pikipiki hizi una vitu viwili vya kuchunga. Cheni iko huko, hivyo ungio la nyuma lisizuie spana ya kukaza cheni wala kifuniko chake. Gia nayo iko huko: dereva apande amevaa gamubuti, abadilishe gia zote juu na chini, ndipo uamue bomba la ndani la chasi likae wapi. Kwa kawaida sentimita 35 kutoka katikati ya pikipiki zinatosha. Stendi ya pembeni ivuliwe, haina kazi tena.

Maungio ya juu ni fimbo mbili za bomba la duara, zenye tairodi endi kila mwisho. Fimbo ya mbele inashika fremu chini ya tangi, ya nyuma inashika karibu na boliti ya juu ya shokapu. Kazi yake ni kuzuia pikipiki isianguke kulia wala kushoto, na urefu wake ndio unaoamua mlalo, yaani pikipiki inaegemea kiasi gani. Hapa kuna makosa mawili yanayovunja watu miguu.

Kosa la kwanza ni kuchomelea mguu wa tairodi endi ndani ya bomba. Chuma chake ni kigumu kwa makusudi. Ukikipasha joto namna hiyo kinakuwa kama kigae, kinakatika bila kupinda kwanza. Mpelekee mkereza vyuma tairodi zenyewe akuchongee bushi zenye meno yanayofanana nazo, yenye kina cha milimita 30. Bushi ndiyo inayochomelewa kwenye bomba, tairodi inaingia kwa kuzungushwa na kukazwa kwa lokinati (nati ya pili inayoizuia isizunguke). Meno yaliyo ndani yasipungue milimita 20 hata baada ya kurekebisha.

Kosa la pili ni kutoboa tundu la kawaida kwa keekee na kuingiza ule msumari wa tairodi. Msumari una umbo la koni. Kwenye tundu lililonyooka unagusa sehemu ndogo tu, unacheza, unalegeza nati, kisha unakatika shingoni. Mkereza huyohuyo achonge vipande vinne vyenye tundu la koni kwa kufuatisha msumari wako, vichomelewe kwenye bamba kabla tairodi haijafungwa. Kaza kwa nati yenye matundu na pini ya kugawanyika. Nyumba ya tairodi iliyo kwenye gari, ule mkono wa chuma cha kufua, isikushawishi kuikata na kuichomelea.

Vipimo vitatu

Fanya kazi hii kwenye sakafu ya simenti iliyopimwa kwa pima maji. Upepo wa matairi ya pikipiki uwe wa kawaida, tairi la kigari psi 18 hadi 20. Upepo wa psi 32 ni wa gari zima, hapa utafanya tairi lirukeruke. Weka kilo 40 za mchanga ndani ya kigari na dereva akae kwenye siti.

1. Kutangulia. Kitovu cha tairi la kigari kikae mbele ya kitovu cha tairi la nyuma la pikipiki kwa milimita 180 hadi 200. Kikiwa kidogo, ukikata kulia huku unafunga breki pua ya kigari inachimba chini. Kikiwa kikubwa, usukani unakuwa mzito na matairi yanakwaruza. Umbali wa kati hadi kati wa matairi, kwa upana, uwe sentimita 105.

2. Kubana mbele. Laza bomba lililonyooka la mita 2 likigusa matairi yote mawili ya pikipiki, na jingine likigusa tairi la kigari. Tairi la mbele la 2.75 ni jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo mbele weka kibati cha milimita 3 ili bomba lisikudanganye. Pima umbali kati ya mabomba mawili usawa wa ncha ya mbele ya pikipiki, kisha usawa wa ncha ya nyuma. Mbele pawe pembamba kwa milimita 12 hadi 18. Ukiacha sawasawa, kigari kinavuta kwenda kushoto. Ukibana mno, tairi linakwisha kwa manyoyamanyoya unayoyahisi ukipitisha kiganja.

3. Kulala nje. Pikipiki iegemee kulia, mbali na kigari, kidogo tu. Ning'iniza timazi kutoka kimo cha mita 1: mchepuko uwe milimita 15 hadi 25. Barabara zetu zimeinamishwa kushoto ili maji yatoke, na mzigo ukiingia kigari kinashuka. Ule mlalo unarudisha pikipiki wima.

Fuata mpangilio huo. Ukibadilisha cha tatu, rudi ukapime cha pili, maana kimoja kinasogeza kingine. Ukiridhika, piga alama ya rangi kwenye kila lokinati ili ikizunguka uione.

Breki

Kigari chenye uzito wa abiria na kisicho na breki kinaendelea mbele wakati pikipiki inasimama, na chombo kizima kinageukia kulia. Njia rahisi ni ule waya wa hendibreki, hauhitaji mafuta wala silinda.

Chukua kipande cha bamba chenye urefu wa milimita 120, toboa matundu matatu. La katikati linavutwa na pedeli ya breki. Milimita 40 upande mmoja, funga fimbo ya breki ya nyuma ya pikipiki. Milimita 60 upande wa pili, funga waya wa kigari. Upande mfupi unapata nguvu zaidi, kwa hiyo pikipiki inapata sehemu 60 kati ya 100 na kigari 40. Waya upite chini ya fremu kwa mkunjo mpana, na ganda lake lishikwe imara kwenye fremu, vinginevyo pedeli itavuta ganda badala ya kukaza breki. Anza na waya umelegea. Kaza nusu mzunguko kwa wakati hadi chombo kisimame bila kuvuta upande.

Sproketi na umeme

Sproketi ya nyuma ongeza meno 3 au 4, na cheni iongezwe pingili. Spidi ya juu inashuka, lakini klachi inaacha kunuka kwenye kilima. Oili badilisha mapema kuliko kawaida, injini inapozwa na upepo na sasa inaenda polepole ikiwa na mzigo. Kwa taa, tumia LED: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na indiketa ya kushoto ihamie kwenye kigari. Indiketa ikiwaka haraka kupita kiasi, badilisha rilei yake iwe ya LED.

Bodi

Boneti ya Vitz inatosha ubavu na pua, sakafu iwe plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rangi pande zote na kwenye kingo. Mkanda wa abiria ufungwe kwenye chasi, usiufunge kwenye bodi, kwa kile kibati chenye nati kilichochomelewa juu ya bamba la milimita 3. Ikiwa kuna bati la aluminiamu, weka mpira kati yake na chuma, la sivyo hewa ya chumvi itakula aluminiamu kuzunguka kila riveti. Bomba lenye zinki lisafishwe kwa grinda kabla ya kuchomelea, moshi wake unaleta homa usiku.

Kwa wanaobeba samaki, adui mkubwa ni maji ya barafu yanayotiririka kutoka kwenye matenga, ambayo ni makali kuliko upepo wa Raskazone. Toboa tundu la milimita 8 mwisho wa chini wa kila bomba ili maji yatoke, weka trei ya plastiki chini ya matenga, na osha kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo. Rangi ni redi oksaidi mikono miwili, kisha ya mafuta. Sehemu za meno na tairodi zipake grisi, rangi ikigandia hapo utashindwa kurekebisha.

Kujaribu

Nenda kwenye uwanja mpana mapema asubuhi, na kilo 50 za mchanga zimefungwa kwa kamba ndani ya kigari. Ukivuta gesi, kinavuta kushoto. Ukiachia, kinasukuma kulia. Hiyo ni kawaida. Anza na kona za kulia, kisha za kushoto kwa spidi ya kutembea, ukiongeza kidogo kidogo hadi uhisi tairi la kigari linakuwa jepesi. Likinyanyuka, punguza gesi taratibu na nyoosha usukani, usishike breki ya mbele. Pikipiki hii hailazwi kwenye kona, inazungushwa usukani, na dereva wa bodaboda mzoefu ndiye anayehangaika zaidi kwa sababu mwili wake unataka kulala.

Usukani ukitetemeka kati ya kilomita 20 na 30 kwa saa, kagua beringi za usukani kwanza, halafu upepo wa tairi la mbele. Ukiendelea, unahitaji shokapu ndogo ya usukani, mfano ile ya Volkswagen Kobe. Vifimbo vya gesi vya mlango wa nyuma wa gari havifai, vinasukuma usukani upande mmoja. Na chombo kikivuta kushoto kwenye barabara tambarare, ongeza mlalo kwa kurefusha fimbo za juu mzunguko mmoja. Kikivuta kulia, zifupishe.

Kaza boliti zote baada ya dakika 15 za kwanza, tena baada ya kilomita 50, tena baada ya 200. Nati za tairi kaza kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza, husomwa kwenye spana ya toki). Baada ya kilomita 500 safisha weldi za maungio, zipake mafuta ya taa, subiri dakika 10, zifute zikauke kabisa, kisha zipake chaki nyeupe iliyosagwa. Pakiwa na ufa, mafuta yanarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Mstari huo ukitokea pembeni mwa weldi, hata kama ni mfupi kama ukucha, kigari kinabaki gereji: ondoa weldi yote kwa grinda na uichome upya, usipake weldi nyingine juu ya ufa.